Madame Aliyetuweka Meza Moja

Kabla ya kumjua Madame, sikuwahi kuona mtu anayeweza kukutukana bila kuinua sauti wala kutumia neno baya. Alikuwa mkuu wa wafanyakazi katika kampuni kubwa ya kujenga barabara iliyokuwa na ofisi zake hapa Bunia, na mimi nilikuwa sekretere wake kwa miaka saba. Jina alikuwa nalo, bila shaka, lakini hakuna aliyelitumia. Hata wakubwa wa kampuni waliokuja kwa ndege kutoka ng'ambo walimwita Madame, na kila walipomwita hivyo walikaa wima kidogo kwenye viti vyao.

Alitoka wapi, sitaandika. Katika Bunia ya miaka ile hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza, na mimi nimelichoka. Vita vilikuwa vimetangazwa kuwa vimekwisha. Watu walikuwa wamerudi kulima, ng'ombe walionekana tena vilimani, na magari meupe ya wanajeshi wa kigeni yalipita mjini polepole kana kwamba yanatafuta kitu yalichoangusha. Lakini mtu akikusalimia, alisikiliza kwanza unavyotamka, ndipo akaamua kama atacheka nawe au atanyamaza. Kulikuwa na pande mbili. Majina yake kila mtu wa huku anayajua. Mimi nitasema upande wetu na upande wa pili. Madame hakuwa wa upande wowote kati ya hizo, na ndiyo sababu alipewa kazi.

Kampuni ilimhitaji mtu wa namna hiyo. Barabara yetu ilipita katika ardhi ya pande zote mbili, na kabla hajafika mashine mbili zilikuwa zimechomwa moto, kwa sababu upande mmoja ulitazama vibarua na kuona wa upande mwingine ni wengi zaidi. Wakubwa wakaamua kwamba kila kikosi na kila ofisi iwe na watu wa pande zote, sawa kwa sawa, na wanawake wawemo, na walemavu wawemo. Waliliita jambo hilo diversité, wakatutumia kitabu chenye picha za rangi kinacholieleza. Madame alitukusanya uani, akasoma ukurasa wa kwanza, akakifunga.

"Hapa hakuna kabila," alisema. "Hapa iko badji. Mutu mwenye hapendi, mulango ile pale."

Badji ni ile kadi ya kazi tuliyovaa shingoni. Yake aliivaa hata kanisani.

Alipiga marufuku kuulizana mtu kwao ni wapi. Ukisikika ukimwuliza mwenzako "weye wa wapi?", ulipewa barua ya onyo, na barua ya pili ilikuwa ya kwenda nyumbani. Lakini yeye mwenyewe alijua kila mtu ni wa wapi, hadi kilima, hadi upande gani wa kijito. Kijana akija kuomba kazi, Madame aliongea naye habari za mvua na za barabara, halafu alimwuliza kama mtu anayejisemea tu, "Kwenu munaita muhindi namna gani?" Kijana alitaja neno la mahindi katika lugha ya mama yake. Madame alitabasamu na kuchora nukta ndogo pembeni ya jina, nukta ya buluu au nyekundu. Mimi ndiye niliyenunua zile kalamu.

Kila siku alikula kantini pamoja nasi. Hakuwa na meza yake. Aliketi leo kwa madereva, kesho kwa mafundi, na popote alipoketi mazungumzo yalikufa, watu wakala bugali na sombe ya majani ya mihogo kama walio kwenye mtihani. Aliamini kwamba anatuunganisha. Kwa kweli alituunganisha, maana hakuna kitu ambacho watu wa pande mbili walikubaliana juu yake haraka kama kumchukia Madame.

Kulikuwa na mama mmoja wa usafi, mtu wa upande wetu, mjane. Siku moja alimnong'oneza msichana mgeni wa ofisi, "Kikombe hii usikunywe nayo. Wale wanakunywaka nayo." Alisema kwa wema, kama vile unavyomwonya mtu kuhusu ngazi iliyolegea. Madame alikuwa nyuma ya mlango. Alikuja, akakichukua kikombe, akamimina chai, akampa yule mama mbele yetu sote.

"Kunywa."

Mama akanywa. Chai ilikuwa ya moto na machozi yalimtoka, sijui kwa sababu ipi kati ya mbili.

"Nimekunywa, Madame. Unisamehe."

"Nimeona," alisema Madame. "Sasa leta badji."

Akamfukuza hivyo hivyo, na kikombe bado kikiwa mkononi mwake. Wiki tatu baadaye binti wa yule mama aliajiriwa kantini. Hakukuwa na tangazo wala mahojiano. Niliiona karatasi, ilikuwa imeandikwa kwa mkono wa Madame. Nilipoitaja, aliniangalia kama mtu aliyekutwa akioga, akasema, "Andika kile nakupa, usisome."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Ukitaka kumchukia kwa raha, alikuharibia.

Siku risasi zilipoanza upande wa kaskazini mwa mji, watu sita wa upande wa pili walikuwa wamekwama kwenye garaji yetu, katikati ya mtaa wa watu wa kwetu. Wakubwa walisema kwa simu kwamba tungoje wanajeshi. Madame alichukua funguo za gari lake, akaniambia nivue viatu virefu na nipande mbele.

"Juu ya nini mimi, Madame?"

"Juu uso yako iko karatasi ya kupita."

Wale sita tuliwalaza nyuma chini ya turubai, mmoja juu ya mwingine. Kwenye kizuizi kijana mwenye panga aliinama dirishani, akaniangalia. Nilimsalimia kwa lugha yetu. Niliuliza hali ya mama yake, ingawa sikumjua. Chini ya turubai mtu alikohoa, na Madame papo hapo akaanza kukohoa pia, kikohozi kibaya cha kifua, akatema mate nje ya dirisha karibu na miguu ya kijana. Kijana akaruka nyuma, akatupungia mkono tupite.

Nilifikiri atanishukuru. Tulipofika aliniambia, "Umetetemeka sana. Siku ingine nitabeba mwingine." Na katika kitabu cha mahudhurio aliandika kwamba mchana ule sikuwa kazini.

Sasa nimfikie Fabien.

Mwaka wangu wa pili, Madame aliondoa meza yangu ndogo, akaleta meza moja kubwa ya mbao na viti viwili vinavyotazamana. Kiti cha pili alimpa Fabien, karani wa upande wa pili. Tangu asubuhi hadi jioni ungeinua macho, ungekutana na uso wa mwenzako. Wakati wa vita, wanaume wa upande wake walichoma nyumba yetu karibu na Irumu na kumwua kaka yangu. Niliingia kwa Madame nikamwambia sitaweza.

"Najua kaka yako alikufa," alisema, bila kuacha kusaini. "Baba yake ule Fabien pia alikufa, na ni watu wa kwenu walifanya. Muko sawa. Enda ukaanze kazi."

Miezi minne hatukuongea ila juu ya kazi. "Karatasi." "Ile pale." Halafu siku moja nilipigiwa simu kwamba mtoto wangu ameanguka kwa homa, na nilikuwa na majina mia ya kunakili kabla ya jioni. Nilibaki nimeshika simu. Fabien alinyoosha mkono, akavuta karatasi zangu kuelekea kwake.

"Enda, dada," alisema. "Mimi nitaandika."

Aliandika yote, na kwa mwandiko ambao sijauona tena. Fabien alikuwa na mkono wa ajabu. Herufi zake zilisimama kama askari wa gwaride, zote zimeinama kidogo upande mmoja. Kazini aliandika badji za watu wote; nje ya kazi walimfuata kwa mialiko ya harusi na kwa majina ya misalaba makaburini. Watu wa upande wetu pia walimfuata, kwa kupitia kwangu, na waliomba nisiseme ni nani ameandika. Mwaka wa nne tulikuwa tunagawana chakula. Alinicheka ninavyokunja midomo nikiandika Kifaransa. Mke wake alimtumia mtoto wangu sweta. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote nyumbani, mtaa wa Ngezi, kwamba huyu ni rafiki yangu, lakini alikuwa rafiki yangu.

Madame alituona, na alifanya kile alichofanya kwa kila kitu kizuri alichokiona: alikitumia.

Alikuwa pia na kazi ya mambo ya jamii, maana kampuni kubwa haijengi barabara tu, inatakiwa ionekane inawapenda wanaokaa kandokando yake. Tulichimba visima, tukagawa magodoro kwenye zahanati. Kubwa kuliko yote ilikuwa shule iliyojengwa katikati, kati ya kijiji cha upande wetu na kijiji cha upande wa pili, ili watoto wasome pamoja. Ilikamilika, ikapakwa rangi, na hakuna mama hata mmoja aliyemleta mwanawe. Wageni wa kampuni walikuwa wanakuja kuifungua Alhamisi. Jumatano Madame alinituma mimi na Fabien kukusanya watoto Ngezi na mitaa mingine ya Bunia, tuwapakie kwenye malori, tuwavike sare mpya.

Waliimba vizuri sana. Mgeni mmoja, mwanamke mwenye nywele nyeupe, alilia. Jioni, kabla ya watoto kushuka, Madame alisimama nyuma ya lori na kuamuru sare zirudishwe zote. Watoto walizivua pale pale barabarani, wakaenda makwao na nguo zao zilizochanika. Kasichana kamoja kalishika kola kwa mikono miwili, kakakataa kuiachia. Madame alikafungua vidole kimoja kimoja, bila hasira, kama anayetoa mwiba.

Mimi na Fabien tulikunja sare hadi magharibi. Ukweli, lazima niuandike pia: kuanzia wiki ile Madame alikwenda pale shuleni kila Jumatatu, akaketi peke yake kwenye darasa tupu kutwa nzima, mlango wazi, hadi akina mama wa vijiji vyote viwili wakaona aibu, au wakaingiwa na udadisi. Walianza kuleta mtoto mmoja, kisha wawili. Leo ile shule imejaa.

Baada ya wageni kuondoka waliomba picha za kuonyesha kwao. Madame akatuita. Mpiga picha alitusimamisha mbele ya katapila, mimi upande huu na Fabien upande ule, tukapeana mikono.

"Chekeni," alisema mpiga picha.

"Hapana sana," alisema Madame. "Watasema tumewalazimisha."

Ikawa afishi, bango kubwa kuliko mlango wa kanisa. Moja iliwekwa katikati ya mji, nyingine kwenye njia ya kwenda Bule, kwao Fabien. Chini yake paliandikwa: *Mikono miwili, barabara moja.*

Mwanzoni watu walicheka tu. Halafu shangazi yangu aliacha kuitikia salamu yangu. Halafu mtu alipaka matope usoni pangu, kwenye ile ya mjini, nikapita chini yake asubuhi nikienda kazini. Kule njia ya Bule mambo yalikuwa mabaya zaidi. Zilikuwa siku ambazo amani ilikuwa inachanika tena. Ng'ombe walikuwa wameibwa, wachungaji wameuawa, na kila upande ulikuwa unatafuta msaliti wa kwake kabla ya kutafuta adui. Macho ya Fabien kwenye afishi yalitobolewa kwa misumari. Mdogo wake alileta habari.

Fabien aliinama mezani kunielekea. "Dada, mwambie aondoe ile ya kwetu. Moja tu. Mimi nikisema ataona niko naogopa kazi. Weye njo mutu anasikilizaka."

Niliingia. Madame alikuwa anapanga ziara nyingine ya wageni.

"Madame, ile afishi ya njia ya Bule, Fabien anaomba iondoshwe. Anaogopa."

"Wageni wanakuya mwezi kesho. Watapita njia ile."

"Wamemutoboa macho, Madame."

"Wametoboa karatasi." Alinitazama juu ya miwani. "Mwambie woga haiko mu kontra yake."

Nikatoka. Kontra yangu mwenyewe, mkataba wa kazi, ilikuwa inakwisha mwezi ule, na ilikuwa kwenye rundo la karatasi mbele yake, haijasainiwa.

"Amekataa," nilimwambia Fabien. "Nitarudia."

Kesho yake aliniuliza kwa macho. Nikasema, "Nimerudia. Amekataa." Kesho kutwa nikasema, "Amekataa tena." Lakini sikuwa nimerudia. Niliingia ofisini kwake mara nyingi siku zile, na barua, na chai, na orodha. Sikutaja afishi. Nilimwomba mara moja tu, na mara zile mbili nilimdanganya Fabien, aliyekuwa ameketi mbele yangu na ambaye hakuwa na sababu ya kunishuku.

Mama yake Fabien alikufa mwezi huo. Madame alimpa siku tatu za kuzika.

"Lundi saa mbili ya asubui uko hapa," alimwambia.

"Ndiyo, Madame."

Jumatatu hakuja. Waliosafiri naye kwenye gari ndio walioleta habari. Ng'ambo ya Bule walisimamishwa na vijana, na vijana hao hawakuwa wa upande wetu. Walikuwa wa upande wake mwenyewe, wengine aliwajua kwa majina. Mmoja alimwangalia, akaita wenzake: "Ni ule wa foto." Walimshusha. Wakamwuliza kwa upole, hivyo ndivyo walivyosimulia abiria, kwa upole: "Ulimupatia mukono gani?" Fabien alinyamaza. Wakasema haina neno, kwenye foto inaonekana.

Walimwachia uhai. Mama yake alizikwa bila yeye.

Alirudi kazini baada ya wiki nyingi, mkono wa kulia wa shati umefungwa fundo chini ya kiwiko. Aliketi kwenye kiti chake. Nilijaribu kusema kitu, akasema, "Dada, tufanye kazi." Wakubwa wa kampuni walitaka apewe karatasi za kwenda nyumbani, maana karani asiyeandika ni wa nini? Na hapo Madame alinishangaza. Kupitia ukutani nilimsikia akigombana nao kwa simu, kwa Kifaransa, saa nzima. Ile sauti ambayo haikuinuka kamwe iliinuka. Alisema wakimtoa Fabien, watafute na mkuu mwingine wa wafanyakazi. Nilikuwa nimeshika kalamu, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile nilimpenda.

Akafungua mlango. Fabien alisimama.

"Unabaki," alisema Madame. "Liste yetu ilikosa mulemavu wa upande wa kwenu, walikuwa wananisumbua juu yake tangu zamani. Sasa iko. Mutu moja, nafasi mbili."

Alisema hivyo kama mtu anayetoa habari njema. Labda kwake ilikuwa habari njema.

"Aksanti, Madame," alisema Fabien.

Mwezi uliofuata alitaka picha mpya. Fabien peke yake safari hii, kwenye kompyuta, mkono wa kushoto juu ya herufi, na lile fundo la shati lionekane vizuri. *Kazi kwa wote.* Fabien alikataa. Nilikuwa pale. Alikataa kwa heshima, macho chini.

"Sawa," alisema Madame. "Kupigwa foto ama kupumuzika nyumbani na watoto. Chagua mbele ya saa ya chakula."

Akapigwa. Kulikuwa na karatasi ya kukubali picha itumike, na sheria ya kampuni ilitaka isainiwe mbele ya shahidi. Shahidi nilikuwa mimi. Fabien alijaribu kwa mkono wa kushoto; kalamu iliteleza, ikachora mstari kama wa mtoto. Akaangalia alichokiandika, muda mrefu. Halafu aliomba wino, akatia kidole gumba, kama wanavyofanya wazee wasiojua kusoma. Mimi nikasaini chini yake.

Jioni ile, tukiwa wawili, aliniuliza, "Dada, ile mara ulimuomba, ilikuwa mara tatu, kweli?"

"Mara tatu," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa. "Basi kosa hii haiko ya kwako," akasema, na alikuwa ananifariji.

Wiki ile ile nilikuta badji yake mezani, na kiti kitupu. Mtu alimwona na mke na watoto ziwani, wakipanda mtumbwi wa kwenda Uganda. Hakuniaga. Madame alikuja, akaigeuza badji kwa kidole kimoja.

"Andika tangazo," alisema. "Mulemavu, upande ule. Mwanaume ama mwanamuke, haina neno."

Niliandika.

Yeye mwenyewe aliondoka mwaka mmoja baadaye, na aliyemwondoa ni diversité. Kampuni iliamua kwamba wakuu wote wa ofisi wawe wana wa Ituri, mkoa wetu, na sentensi ile ilikuwa imependekezwa na Madame kwa mkono wake, kwa ajili ya wengine. Alipanga vitu vyake katika boksi moja asubuhi moja. Tulijipanga uani kumuaga, wa pande zote, na ninaamini kila mmoja alikuwa na furaha na kila mmoja aliificha. Aliponifikia alisimama.

"Barua yako ya juzi," alisema, "ilikuwa na makosa ine."

Akapanda gari.

Miaka ilipita. Mimi niliacha kampuni, nikafungua duka la vitenge karibu na soko. Siku moja mwanamke kijana aliniuliza bei, akanitazama sana, akasema, "Mama, weye njo ulikuwaka sekretere wa mama yangu?" Alikuwa na paji lile lile la uso. Aliniambia Madame ameshikwa na kiharusi, upande mmoja umekufa, na kwamba kati ya watu wote wa kampuni alikuwa amelitaja jina langu peke yake.

Nilikwenda Jumapili baada ya ibada. Nilikuwa nimejiandaa. Njia nzima nilikuwa napanga maneno: nitamwambia nini kuhusu Fabien, nitamwambia kwa sauti gani, na nitamtazama wapi nikisema.

Alikuwa amekaa kwenye kiti chenye mito, blanketi magotini. Nusu ya mdomo ilikuwa imeshuka, lakini macho yalikuwa yale yale. Yalianzia viatuni mwangu.

"Umenenepa," alisema. Maneno yalitoka polepole, moja moja. "Biashara iko muzuri."

"Ndiyo, Madame."

Binti yake alituletea chai akatoka kwenda jikoni. Nikaona nikingoja sitasema kamwe.

"Madame, nimekuya kusema kitu. Fabien, ile mukono yake, ni weye. Nilikuomba uondoe afishi. Ulikataa juu ya wageni. Kila siku niko nafikiri ile. Na weye ulimuandika mara mbili kwa liste kama mbuzi."

Sikuwahi kuongea naye hivyo. Yeye hakutikisika.

"Uliniomba mara moja," alisema.

Niliweka kikombe changu chini.

"Mara moja. Nilikuwa nishaita watu wa kuondoa. Ngazi ilikuwa mu gari." Alipumzika, akameza mate kwa shida. "Mara ya kwanza mutu anaombaka juu ya kuona haya. Nilitaka kuona kama ile meza ilifanya kazi. Kama utarudia juu ya mutu wa kule. Nikangoja lundi. Nikangoja mardi. Ulileta chai."

"Unasema uongo," nilisema.

"Pengine."

Ule upande wa mdomo uliobaki hai ulisogea. Sijui kama lilikuwa tabasamu. Halafu alifumba macho, na hakuyafumbua tena nikiwa pale, ingawa nilijua hajalala.

Nimejaribu kukumbuka kama kweli palikuwa na ngazi garini wiki ile. Gari la kampuni lilikuwa na ngazi mara nyingi. Nimejaribu kukumbuka alinitazamaje nilipoweka chai. Huyu ni mtu aliyeweza kutunga uongo kama huo kwa ajili yangu, akiwa na nusu ya mdomo, kwa sababu nilithubutu kumlaumu. Huyu pia ni mtu aliyeweza kuacha mwanadamu atobolewe macho kwenye karatasi ili apime kama kazi yake imefaulu. Yote mawili yanamfaa.

Binti yake alinisindikiza hadi getini.

"Mama amekuambia nini?" aliuliza. "Nimesikia munaongea."

"Amenishukuru," nilisema.

Alinishika mikono, machozi yakamjaa. "Tangu agonjwe hajashukuru mutu. Hata mimi. Urudie, mama. Dimanshi yenye inakuya. Atakuwa anakungoja."

Nikamwambia nitarudi Jumapili. Sikurudi.